Injini Iliyogonga Mmakgama

Ng'ombe wangu ni kumi na wanne, na wote wako hai. Naanza na hilo kwa sababu ndilo nililojiambia kila asubuhi kwa wiki nzima baada ya mambo haya, nimesimama uani na kikombe cha chai, kama mtu anayejipapasa mfukoni kuhakikisha ufunguo bado upo. Upo. Na ng'ombe wangu wapo kwa sababu ya mwanamke anayeitwa Seipone.

Kambi yetu ya mifugo inaitwa Mmakgama. Kutoka Letlhakeng, mji wetu wa karibu hapa Botswana, ni mwendo wa saa mbili kwa gari, mchanga mtupu, na ukikwama, umekwama. Familia sita tunashirikiana kisima kimoja kilichochimbwa kwa mashine, kirefu hata ukitupia kijiwe unasahau kwamba ulitupa kitu. Maji ya huko chini hayapandi kwa maombi. Yanapandishwa na injini ya dizeli ya silinda mbili, kuukuu kuliko wengi wetu, iliyofungwa kwenye sakafu ya saruji ndani ya kibanda cha mabati. Anayeiendesha ni Seipone.

Kazi hiyo ilikuwa ya mumewe, Oabona. Alirudi kutoka migodi ya dhahabu ya Joni, kule Afrika Kusini, na kifua kilichojaa vumbi. Tulimwajiri kwa kuwa alijua mashine, lakini kuzungusha hendeli ya kuwashia hakuweza. Mizunguko mitatu tu, anakohoa mpaka anashika ukuta. Basi Seipone akawa anazungusha. Mume anakaa juu ya debe lililopinduliwa, yeye ndiye masikio, mke ndiye mikono. Nilikuwa nikipita nawakuta. "Sikia," Oabona anamwambia. "Umesikia nini?" Mke anajibu, mume anatikisa kichwa. "Hapana. Hicho umekisikia kwa sababu unakitaka. Sikia tena." Wakaishi hivyo miaka sita.

Oabona alipofariki, sisi wenye ng'ombe tulikaa tukasema kazi ile inahitaji mwanaume. Sitajificha, na mimi nilikuwamo. Wa kwanza alikunywa mshahara wake kabla haujafika. Wa pili alishindwa na ukimya wa Mmakgama, akatoroka siku ya kumi na tisa. Wa tatu aliiacha injini ikakaribia kukauka oili, na ni Seipone aliyetoka nyumbani kwake mbio, unga wa dombi, mikate yetu ya kuchemsha, mikononi, akaizima. Siku ya pili tukaenda kwake, wazee watano na kofia zetu mkononi. Alitukaribisha chai. Akatuacha tunywe mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Mlikuwa mnatafuta mwanaume. Mmempata?"

Hiyo ni miaka kumi na moja iliyopita, na kwa miaka yote hiyo hatukuwahi kukosa maji siku nzima.

Basi, Oktoba iliyopita. Mnaijua Oktoba yetu: upepo wa moto, nyasi zimekuwa majivu, mvua inasemwa tu redioni. Jumatatu asubuhi nilikuwa nimekuja kuangalia ndama mmoja mgonjwa wa macho. Nikasikia injini imewashwa, nikasikia imeanza mlio wake wa kawaida, halafu katikati ya mlio ule pakaingia mwingine. Ka! Ka! Ka! Kama mtu anapiga bomba la chuma kwa nyundo, na ana hasira. Moshi mweusi ukatoka juu ya kibanda. Nilipofika mlangoni Seipone alikuwa ameshaizima, amesimama mikono kiunoni akiitazama.

"Imeanza lini?" nikamuuliza.

"Jana kidogo. Leo hivi."

"Tangini kuna maji?"

"Nusu. Yatafika kesho mchana, kama ng'ombe hawatakuwa na tamaa." Akanitazama. "Na ng'ombe wana tamaa, Rra."

Kabla ya saa nne Rre Kgosietsile, na kwetu Rra au Rre ni Bwana, alikuwa amefika na gari lake. Huyu ndiye mwenye ng'ombe wengi kuliko sote, themanini na zaidi, na sauti yake ni ya ng'ombe themanini. Pamoja naye alikuwa Tshenolo, mdogo wake marehemu Oabona, kwa hiyo shemeji yake Seipone, na mtu ambaye hajawahi kuacha jambo lipite bila kulitania.

"Shemeji!" Tshenolo akaita hata hajashuka garini. "Umeipa nini injini yetu? Nasikia imeanza kukujibu!"

"Inajibu wenye akili. Wewe kaa huko."

Kgosietsile hakucheka. Akamwambia Seipone aiwashe kwa dakika moja, akampigia simu fundi wa mjini, Rre Sebonego, akaishika simu karibu na injini kama anayemsikilizisha mtu mtoto anayelia. Kisha akaamuru izimwe, akaweka sauti ya simu juu ili sote tusikie.

"Hiyo ni beringi ya konrodi, ule mkono wa pistoni," sauti ya Sebonego ikasema. "Imekwisha. Msiiwashe tena, mtavunja krenki, mhimili wenyewe. Mimi nipo kwenye kazi ya watu, nitafika Ijumaa. Injini itabidi ing'olewe, iletwe huku."

"Ijumaa?" Kgosietsile akapiga kelele. "Ng'ombe watakunywa nini mpaka Ijumaa? Mate yangu?"

"Rra, mimi ni fundi. Mvua haiko kwangu."

Simu ikakatika. Kisima cha karibu ni cha watu wengine, kilomita kumi na tisa, na wao wenyewe wana shida zao. Ng'ombe wakubwa wangefika. Ndama wasingefika. Ng'ombe wanaonyonyesha wangegeuka njiani kuwarudia ndama wao. Sote tulilijua hilo. Kgosietsile akaanza kupanga: nani apeleke kundi lipi, nani abaki. Akasema pia, huku akitazama pembeni, kwamba mashine haifi yenyewe, huuawa na uzembe.

Seipone akamsogelea. "Nipeni mpaka alasiri," akasema.

"Fundi amesema usiwashe."

"Fundi amesikiliza kwa simu, Rra. Mimi sijaisikiliza bado. Mpaka alasiri. Ikinishinda, mtahamisha ng'ombe jioni kukiwa na baridi kidogo. Saa hizi mkiwatoa, jua litawaua kabla ya kiu."

Hilo lilikuwa kweli, na Kgosietsile, pamoja na sauti yake, si mjinga. Akaenda kukaa kivulini mwa gari lake. Tshenolo akabaki. Mimi nikabaki.

Kitu cha kwanza alichofanya Seipone ni kumwaga oili. Akaweka beseni chini, akaomba kitambaa cheupe. Tshenolo akatoa leso yake.

"Nilipewa na mwanamke mmoja wa Thamaga," akasema. "Itunze."

"Huyo mwanamke keshakusahau," Seipone akamjibu, akaitandaza juu ya beseni, oili ikapita juu yake polepole, nyeusi, nzito.

Hapo ndipo aliponiambia jambo kwa sauti ya chini, Tshenolo akiwa ameenda kutafuta spana. "Oili hii nilitakiwa kuibadilisha wiki mbili zilizopita. Palikuwa na msiba wa shangazi. Nikasema nikirudi. Niliporudi nikasema kesho." Akaukaza mdomo. "Kama ni beringi, Rra, ni mimi niliyeiua."

Nikamshikia upande mmoja wa leso. Oili ilipokwisha kupita akaibeba leso mpaka nje, akaitandaza juani, akainama karibu mpaka pua ikakaribia kugusa. Beringi ikisagika, oili hubeba unga wa chuma. Hung'aa kama magamba ya samaki wadogo. Alitazama kwa muda mrefu. Akapitisha kidole, akakisugua kwa kidole gumba, akatazama tena.

"Hamna," akasema. Kisha, kama anayejikanya, "Hamna ninachokiona."

Akatia oili mpya, akamwita Tshenolo azungushe hendeli. Tshenolo akazungusha huku analalamika mgongo, injini ikashika, na ule ugomvi wa nyundo ukaanza tena. Ka! Ka! Ka! Kgosietsile akasimama kule kwenye gari. Seipone akampungia mkono akae.

Aliishusha mwendo mpaka ikawa inahema tu. Akachukua spana, akafunga tambara mkononi, akalegeza nati ya bomba la dizeli linaloingia kwenye nozeli ya silinda ya kwanza, kile kidomo kinachonyunyizia mafuta. Dizeli ikatiririka nje badala ya kuingia ndani. Silinda ile ikaacha kufanya kazi. Injini ikalegea, ikayumba kwa mguu mmoja. Lakini kugonga kukaendelea vilevile. Akaikaza nati. Akalegeza ya silinda ya pili.

Ukimya. Yaani si ukimya, injini bado inaunguruma kwa tabu, lakini ile nyundo haipo. Akaikaza; nyundo ikarudi. Akalegeza, ikaondoka.

"Nozeli!" Tshenolo akaruka. "Nozeli ya pili! Fundi wa mjini mwongo! Rre Kgosietsile, njoo usikie!"

"Tulia," Seipone akasema, akaizima. "Bado."

"Bado nini? Umeikata, imenyamaza."

"Kaka yako alinifundisha. Ukiikata silinda, pistoni haisukumwi kwa nguvu tena. Hata beringi mbovu inaweza kunyamaza, kwa sababu hakuna kinachoipiga. Kinachojulikana ni kwamba ugonjwa uko silinda ya pili. Kama ni nozeli au ni beringi, hatujui."

Tshenolo akakaa chini. "Kaka alikuwa na maneno mengi kuliko nilivyojua."

"Na tutajuaje?" mimi nikauliza.

"Tutazibadilisha nafasi. Nozeli ya pili iende ya kwanza, ya kwanza ije ya pili. Ugonjwa ukihama na nozeli, ni nozeli. Ukibaki pale ulipo..." Hakumaliza.

Tukasubiri injini ipoe. Hakuna kusubiri kubaya kama kule. Ng'ombe walikuwa wameanza kujikusanya kwenye mabirika ya kunyweshea, wanasukumana, na wa Kgosietsile, fahali mmoja mwenye pembe za kupinda, alikuwa analamba saruji kavu, kwa kuwa maji ya tangini tulikuwa tumeyafunga yasiishe. Seipone alifungua nozeli zote mbili. Chini ya kila moja kuna ringi nyembamba ya shaba inayozuia pumzi isitoroke. Hakuwa na mpya. Akaziweka ringi zile kwenye makaa ya jiko lake mpaka zikawa nyekundu, akazitumbukiza kwenye maji; shaba ikifanyiwa hivyo hulainika, inakaa tena vizuri. Alifanya yote bila haraka, na mimi niliyekuwa pembeni nikaona shanga za jasho zinamtoka puani ingawa alikuwa kivulini.

Akazifunga nozeli zikiwa zimebadilishana nafasi. Akatoa hewa kwenye mabomba. "Zungusha," akamwambia shemeji yake, na safari hii Tshenolo hakulalamika mgongo.

Injini ikashika. Ka! Ka! Ka!

Seipone akainama na spana. Akalegeza nati ya silinda ya pili, ile iliyokuwa mgonjwa. Kugonga kukaendelea. Akaikaza. Akaihamishia spana kwenye ile ya kwanza. Akalegeza.

Nyundo ikanyamaza.

Alilegeza na kukaza mara nne, na mara zote nne jibu likawa lilelile. Ugonjwa ulikuwa umehama na nozeli. Beringi ilikuwa nzima. Akaizima injini, akarudi kinyumenyume mpaka akakutana na pipa tupu, akalikalia. Akafunika uso kwa lile tambara lenye mafuta. Mabega yakatikisika. Nilidhani analia, na labda alilia, lakini alipoliondoa alikuwa anacheka, mistari ya oili mashavuni.

"Si mimi," akaniambia. "Rra, si mimi."

"Si wewe," nikasema.

"Nini si wewe?" Tshenolo akauliza.

"Mambo ya wakubwa," nikamjibu.

Kgosietsile alikuwa ameshafika mlangoni. Tukamweleza. Akasikiliza, kisha akauliza swali la maana: kama nozeli imechakaa, mpya itapatikana wapi leo?

"Tuone kwanza kama imechakaa au imeziba tu," Seipone akasema.

Akazitoa tena. Akaifunga ile nzima kwenye bomba lake ikiwa nje, mdomo umeelekea ukutani, akatuonya tukae mbali. "Msiweke mkono mbele. Inatoboa ngozi kama sindano, na dizeli ikiingia ndani mkono unakatwa." Tshenolo akaificha mikono yake mgongoni kama mwanafunzi. Injini ikazungushwa kwa hendeli. Nozeli ikatoa mvuke mwembamba, kama pumzi ya ng'ombe asubuhi ya Julai, na sauti ya mlio mkali. Kisha akafunga ile mgonjwa. Ikazungushwa. Ikatoa mchirizi mmoja mnene, ukakatika, ikabaki inadondoka.

"Hiyo inakojoa," Tshenolo akasema. "Mimi ninazo siku kama hizo."

Hata Kgosietsile alicheka.

Seipone akaifungua juu ya meza, kwenye bakuli la dizeli aliyoichuja mara mbili. Ndani kuna sindano ya chuma inayotakiwa kuteleza kwa uzito wake mwenyewe. Hii ilikuwa imekwama, mdomo umegandwa na masizi. Akaisugua kwa brashi ya waya wa shaba, akaiosha, akaijaribu. Ikateleza nusu, ikasimama. Akaosha tena. Chini ya bakuli pakabaki kitu. Akakichota kwa kidole, akakiweka kwenye kiganja, akatusogezea.

Mchanga. Mchanga mwembamba mwekundu wa jangwa letu, Kgalagadi.

"Umeingiaje?" nikauliza. "Si kuna chujio?"

"Chujio lina mwisho wake. Ukilipa mchanga wa kutosha, linapitisha." Akatoka nje mpaka kwenye pipa la dizeli lililoletwa wiki iliyopita. Akaingiza kijiti mpaka chini, akakitoa. Ncha ilikuwa na tope. Akatazama mdomo wa pipa. Hapakuwa na kifuniko cha kukaza. Palikuwa na kipande cha gunia kilichosokomezwa, na gunia lenyewe limejaa vumbi.

Akalichomoa gunia, akaliweka chini. Wala hakumtazama mtu. Pipa lile lililetwa na Kgosietsile mwenyewe, kwenye gari lake, kilomita zote zile za mchanga.

Mzee yule aliliokota gunia. "Kifuniko kilipotea pale nilipojaza," akasema. Sauti yake ilikuwa ya ng'ombe mmoja tu. "Nikasema, ah, si dizeli tu, si maziwa." Akavua kofia. "Na asubuhi nimesema neno la uzembe hapa."

"Ulisema, Rra," Seipone akajibu.

"Nalirudisha."

"Limerudi. Sasa lete kitambaa chochote kizito cha garini kwako, tuchuje."

Tukachuja dizeli kwa kitambaa mara tatu, wanaume watatu tukiwa tumeshika pembe, tukiamrishwa. Kgosietsile alishika upande wake bila kutikisika, mpaka shati lake la kwendea mkutanoni likawa na madoa yasiyotoka mpaka leo. Seipone aliosha tangi la injini, akasafisha chujio, akaendelea na sindano yake. Kuosha, kujaribu, kuosha. Mara ya saba au ya nane akaiinua ile nozeli, akaiinamisha, na sindano ikateleza mpaka mwisho, taratibu, yenyewe. Akairudia kunionyesha, kama mtu anayeonyesha jino la kwanza la mtoto.

Ilipofungwa nje kujaribiwa ilitoa mvuke. Si mzuri kama wa mwenzake, lakini mvuke.

Jua lilikuwa limeanza kuinama Tshenolo aliposhika hendeli mara ya mwisho. Injini ikakohoa, ikatoa moshi mweusi, kisha wa kijivu, kisha hakuna moshi. Tuk-tuk-tuk-tuk. Sote wanne tulikuwa tumesimama tumeinamisha vichwa upande mmoja. Dakika mbili. Tano. Seipone akatia mkanda wa pampu. Injini ikaupokea mzigo, ikashusha sauti kidogo, ikatulia.

Maji yalichukua muda kupanda, kama kawaida. Bomba likapumua kwanza, likatema kutu, halafu yakaja, mazito, baridi, yakapiga saruji ya birika. Fahali wa pembe za kupinda aliingiza uso wote. Hapo ndipo nilipogundua kwamba tangu asubuhi sikuwa nimekula wala kunywa kitu. Nikakaa mchangani palepale nilipokuwa. Kgosietsile akakaa kando yangu, kofia magotini. Tuliwatazama tu ng'ombe wakinywa.

Seipone alileta dombi na mchuzi wa nyama ya jana. Tshenolo akadai leso yake. Akaambiwa aichukue kwenye beseni la oili.

Rre Sebonego alifika Ijumaa na winchi ya kung'olea injini. Alikuta inafanya kazi. Hakuwa mtu wa kununa. Akasimama kibandani robo saa nzima anasikiliza, akaomba aonyeshwe nozeli ile, akaitazama kwa kioo chake cha kukuzia. Akasema sindano imekwaruzwa na mchanga, itamaliza msimu mmoja wa mvua, si zaidi, na kwamba ataleta mpya mbili mwezi ujao. Kisha akamuuliza Seipone alijuaje kuzibadilisha nafasi.

"Nilikuwa na mume," Seipone akasema.

"Wateja wangu wengi wana waume," Sebonego akajibu, "na bado wananiita."

Alimwomba aje mjini wiki moja kila baada ya miezi mitatu, amsaidie kwenye meza ya nozeli. Seipone alisema atafikiri. Amekwenda mara mbili sasa. Siku anazokwenda, kibanda nakishika mimi, na huniachia maagizo kwa mdomo, mara tatu, na mara ya tatu hunitaka niyarudie.